Buti za Kwenda Kumwambia Mama

Dada Sechelela, shikamoo.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Tangu uondoke, kanda hii yote ya kati imebaki mikononi mwangu, kuanzia Kongwa mpaka Manyoni, na haijaanguka. Watu wanakuja kuniuliza habari za mvua, wanakuja kuniuliza mipaka ya viwanja. Juzi mtu mmoja mwenye tai, wa kule Mtumba kwenye maofisi ya serikali, alisimamisha gari akanishika mkono wa salamu mpaka dereva wake akachoka kusubiri. Hakusema alitaka nini. Nadhani alitaka tu aseme kwao kwamba amemshika mkono Yona. Mdogo wako sasa ni mtu mkubwa.

Nakuandikia kwa peni ya Nyemo, kwenye daftari la Nyemo, na kama kuna herufi zimelala chali usinicheke. Niliishia darasa la tano, unajua, na unajua pia kwamba sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha.

Msiba wako ulijaa. Wauza viatu wenzako wote wa Chang'ombe walifunga meza zao, hata wale mliokuwa hamwongei. Wateja wako walikuja, na kila mmoja alipoinama kuaga nilikuwa naangalia miguu yake, maana nilijua viatu vile umevitafuta wewe. Vilikuwa vinawakaa, Dada. Watu mia na zaidi, hakuna aliyechechemea.

Ila mvua. Unakumbuka mvua ya wiki ile? Hukumbuki, ulikuwa umeshalala. Ilikata barabara ya kwetu, daraja likaenda na maji, tukakaa siku mbili tunaulizana, mwisho tukakuzika hapa hapa mjini, upande wa Miyuji. Mimi ndiye niliyesema sawa. Nilisema kwa sauti kubwa, mkono kiunoni, kama mtu ambaye ameshazika mawaziri. Ndani nilikuwa sijui lolote.

Na ndiyo maana nakuandikia. Dada, Mama bado hajui kwamba umekufa.

Unajua utaratibu wa kwetu. Mtoto akifa akazikwa mbali, ndugu wa tumbo moja naye anapanda mpaka kwenye kaburi la mzazi, anaweka kiganja juu ya jiwe, anataja jina, anasema: amekuja huko, mpokeeni. Baba alipokufa, kwa kuwa nduguze wote walishatangulia, tulipanda sisi watoto wawili kumwambia bibi, mama yake. Wewe ulisema, mimi nilikuwa nalia nikasingizia moshi, na hapakuwa na moto. Sasa wa tumbo moja nimebaki mimi peke yangu. Na njia ya kaburi la Mama naijua mimi peke yangu, maana kijiji kilishahama mlimani kikashuka bondeni, na Nyemo hajawahi kufika. Kwa hiyo mpaka nipande mimi, wewe uko hapa Miyuji kama mgeni aliyeshushwa stendi na hakuna aliyetumwa kumpokea.

Nyemo wako alikuja kwangu siku ya arobaini. Alikuwa ametoka kazini na kile kitambulisho chao kinachoning'inia shingoni. Hajalia mbele yangu hata siku moja, huyu mtoto, na hilo ndilo linalonitisha. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Mjomba, lini tunaenda kumwambia bibi?" Nikamwambia hata kesho. Nikamwambia nilikuwa nawaongoza wawindaji milima ile ile ya Rubeho, watu wenye bunduki ndefu kama nguzo za umeme, na nyati akiniona alikuwa anapisha njia kwanza ndipo anafikiri. Nikamwambia akichoka nitambeba mgongoni. Akatabasamu kidogo. Kwa tabasamu lile ningeweza kuahidi kuuhamisha mlima wenyewe uje Miyuji.

Alipoondoka nikaangalia miguu yangu. Ilikuwa kwenye kandambili.

Pale hapapandiki kwa kandambili, Dada, umesahau. Tulipanda peku tukiwa watoto, nyayo zetu zilikuwa kama ngozi ya ngoma. Sasa nina miaka hamsini na kitu, miguu imekuwa ya mjini, nikikanyaga punje ya mahindi nasimama. Na kule ni mawe makali kama bati lililokatwa, na ile miiba yenye ndoana, na mteremko unaosukuma. Panahitaji buti. Buti zenyewe hasa, za wawindaji na wapanda mlima: zinazoshika kifundo cha mguu, soli yenye meno, ngozi isiyopigana na mtu.

Nikaanza kutafuta. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kwenye duka la kwanza walinipa mabuti ya mvua, nikatembea mle dukani yakawa yanapiga kelele plwa, plwa, wanawake wakageuka. Duka la pili kulikuwa na buti nzuri nyeusi za kufunga kamba mpaka katikati ya muundi. Nilishaingiza mguu mmoja, mwenye duka mwenyewe akaninyang'anya: "Mzee toa, hizo zinafanana na za jeshi, utakamatwa ukiwa hata mlima hujauona." La tatu walikuwa na raba za mazoezi, rangi ya limau. Nikauliza, hizi zinawinda nini, panzi?

Ndipo nikaenda kwa Saidi, yule jirani yako wa meza, mwenye tumbo na kofia ya kufuma. Alinipa pole upya, akaangalia mahali meza yako ilipokuwa. Sasa pana mtu anauza makava ya simu. Kisha akasema, "Haya Yona, buti za mlima ninazo. Namba ngapi?"

Dada. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile. Ulikuwa unanijia na viatu mkononi unasema vaa, navaa, vinakaa, basi. Hukuwahi kuniuliza namba kama ambavyo mtu hamuulizi mdogo wake ana vidole vingapi. Ulikuwa unapima kwa ule uzi wako wa katani, kifundo kwenye dole gumba, kifundo kwenye kisigino, unauzungusha juu ya mguu unapiga kifundo cha tatu, halafu unautupia kwenye kopo. Na ulikuwa unapima jioni tu, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba. Asubuhi ulikuwa unatufukuza: "Mguu wa asubuhi ni mwongo, rudi baadaye."

Na nitakwambia nilichokiona siku moja, hukujua kama nimekiona. Nilikuja mezani kwako bila kuita hodi, nikakuta umeinama na wembe unakwangua namba kwenye soli ya viatu vyangu. Ulikuwa unaikwangua taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikakohoa, nikaja upya. Nilijua kwa nini. Mwanaume mwenye hadithi kama zangu akiwa na miguu midogo kama ya bibi harusi, atazisimulia wapi?

Basi Saidi ananiuliza namba, na watu watatu wamesimama pale. Nikamwambia ngoja, nina kipimo rasmi. Nikaenda kwa Nyemo kuchukua lile kopo lako la maziwa ya unga.

Alilifungua mbele ya jirani zake waliokuwa wamekuja kumwona. Nyuzi, Dada, nyuzi tupu. Zimeviringana kama kiota. Hakuna jina, hakuna alama, ulikuwa unazijua kwa vidole. Nyemo akaanza kuzichambua moja moja anazilaza kwenye mkeka. Akaniuliza, "Mjomba, upi wako?"

Mtu mwenye akili angevua kandambili akalaza uzi kwenye mguu. Ni kazi ya dakika moja. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na nilikuwa nimeshaanza kuwasimulia habari za nyati. Nikanyoosha mkono nikachukua uzi uliokuwa mrefu kuliko zote. Nikasema, "Huu hapa. Naujua kama jina langu."

Sijui ulikuwa wa nani. Labda wa yule mlinzi mrefu wa ghala la alizeti.

Saidi aliulaza uzi ndani ya buti moja baada ya nyingine. Mwisho akatoa jozi ya kahawia, ngozi nene, vishikizo vya chuma, kamba nyekundu, soli kama trekta. Namba arobaini na nne. Akasema, "Aisee Yona, una mguu wa askari, mbona sikuwahi kuuona?" Nikamwambia huwa nauficha. Nikazivaa nikatembea kutoka kwenye meza yake mpaka kwa muuza karanga na kurudi, kifua mbele. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka mle ndani kama mchi kwenye kinu. Nilikuwa nasikia sauti yako kabisa: ingiza kidole nyuma ya kisigino, kikicheza acha. Piga ncha ya kiatu ukutani, vidole vikigonga acha. Shuka mteremko kwanza, kiatu kinasema ukweli mtu akishuka. Vaa na soksi utakazopandia, si na mguu mtupu. Nilisikia yote. Nikamwambia Saidi, "Zimenikaa kama nimezaliwa nazo."

Nyumbani nikashindilia magazeti kwenye ncha. Nikavaa soksi mbili, tatu. Mke wangu akanitazama akasema, "Baba, unaenda mlimani au unaenda kufungasha vyombo?"

Tulifika chini ya mlima Jumamosi asubuhi, mimi na Nyemo tu. Alikuwa na viatu vyepesi vya kijivu, alivinunua baada ya kupima jioni, kama ulivyomfundisha. Amebeba maji na mikate na kanga yako moja, ile ya bluu. Alisema anataka kuitandika kwenye jiwe la bibi kidogo, kisha atarudi nayo.

Mpaka kwenye mto mkavu nilikuwa mzima. Baada ya hapo magazeti yakaanza kulowa jasho na kujikusanya upande mmoja, na kisigino kikaanza kuwaka. Sikusema. Nikawa nasimama nainama nasema, hapa chui amepita jana, tazama unyayo. Kidogo nasimama tena: hapa amekaa. Hapa amegeuka. Nyemo akasema, "Mjomba, huyu chui naye ana matatizo ya miguu? Kila hatua ishirini anapumzika." Nilicheka, nikakaa, nikachelewa kuinuka.

Saa sita tukafika kwenye mgongo wa kwanza. Unapajua, pale upepo unapopiga kofi. Na ukisimama pale unaliona ng'ambo lile jabali lililolala kama ng'ombe, na kaburi la Mama liko chini ya tumbo lake. Niliona, Dada. Lilikuwa mbele yangu, ningelinyooshea kidole. Katikati kuna lile bonde tu. Kushuka na kupanda.

Nikaanza kushuka. Hatua ya kwanza mguu wote uliteleza mbele ndani ya buti, vidole vikagonga. Ya pili, vikagonga. Ya kumi sikuwa nahesabu tena. Nikakaa chini kwenye mawe kama gunia lililoshushwa.

Nyemo akapiga magoti, akafungua zile kamba nyekundu, akavuta. Magazeti yakatoka yamekuwa uji. Soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu ilikuwa imegandia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ngozi ya kisigino imejikunja kama karatasi, kucha mbili nyeusi. Akaushika ule mguu, akaupima kwa kiganja chake, akaangalia buti, akaangalia mguu. Afadhali angenicheka.

Halafu akasema, "Mama si alikutafutia viatu mwaka jana? Alifungua marobota ya mitumba mwezi mzima. Aliniambia amepata vya kwako kabisa, vya mlima."

Nikamwambia fisi alivichukua barazani. Fisi wa siku hizi, nikamwambia, anapenda ngozi nzuri.

Akasema, "Basi nielekeze. Nitaenda mwenyewe." Nikajaribu, Dada. Unashuka mpaka kwenye mti ule, hapana, umeshakatwa. Unazunguka jiwe, lipi, yako mia. Na si haki hata akifika, yeye si wa tumbo lile, kiganja ni changu. Maneno yakaniisha. Mimi, maneno yakaniisha! Jua lilikuwa kichwani, maji nusu chupa, mtoto wako amesimama ameshika kanga yako, ananitazama kama mtu anayetazama gari lililozimika porini.

Nikasimama kwa magoti nikaweka mikono mdomoni nikaita. "Mama! Mama ee! Sechelela amekufa!"

Nilidhani mlima utaitikia. Sauti yangu hii, ambayo inanyamazisha vilabu, ilitoka nyembamba, upepo ukaipeleka upande wa Kibakwe. Halafu kutoka bondeni chini, mbali, kwenye vichaka, mama mmoja aliyekuwa anakata kuni akajibu. Sikumwona. Nilisikia sauti tu: "Eeeh? Nani kafa? Sema tena!"

Sikuweza kusema tena. Yule mama akaita mara mbili, "Nani? Nani jamani?", na Nyemo ndiye aliyejibu. Alisimama wima akapaza sauti, "Ni mama yangu!" Na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu ufe, amesimama juu ya mawe, na mimi sikuweza hata kuinuka nikamshike. Nilimshika kifundo cha mguu. Ndicho nilichokifikia.

Tulirudi. Alichana kanga yako vipande viwili akanifunga miguu, nisamehe. Nilitembea kwa makalio sehemu zingine. Zile buti alizibeba yeye shingoni, zimefungwa kamba, zinagongana kifuani mwake njia nzima.

Sasa ni wiki ya tatu nimekaa. Kisigino cha kulia kinafunga, cha kushoto kinabishana. Saidi alikuja kunitazama, akachukua buti zake, maana nilikuwa sijazilipia. Jumapili Nyemo alikuja jioni, akaniambia nitembee uani mara kumi, kisha akatoa uzi wa katani mfukoni. Alinipima. Anavuta sana, hana mkono wako bado, vifundo vyake ni vya mtu wa ofisini. Alipomaliza nilimwangalia usoni kuona kama atacheka. Aliuviringisha tu ule uzi akasema, "Sawa, Mjomba." Anatafuta. Kila akitoka kazini anapita kwenye marobota, na bado hajapata. Namba za wanaume hazianzi chini namna hiyo.

Dada, sijui la kufanya. Naandika hili na mkono haujazoea kuandika maneno ya namna hii. Nakaa hapa mlangoni nawaza Mama anasubiri, hajui anasubiri nini, na wewe unasubiri, na katikati yenu kuna mimi na miguu yangu. Watu wakipita nawasimulia kwamba niliumia nikimkimbiza nguruwe pori. Wanasema pole. Tayari wamekuwa nguruwe wawili.

Nakuahidi hivi. Miguu ikipona nitapanda. Nikipata buti, kwa buti; nikikosa, nitafunga matambara nitambae, na nitaweka kiganja pale na kulitaja jina lako lote, taratibu, mpaka Mama asikie. Mvua za msimu ujao hazitanikuta chini. Lala, Dada. Marahaba yangu nitaidai tukionana.

Sasa kuna kitu kimoja, na nikitoka hapa sitakirudia kwa mtu.

Hapakuwa na fisi. Vile viatu ulivyonitafutia vilikuwa vizuri kuliko viatu vyote nilivyowahi kuvaa. Nilivivaa siku moja nzima, nilitembea mpaka Miyuji na kurudi bila kujua kama nina miguu. Jioni kijiweni mtu mmoja akainua ulimi wa kiatu akaona ua dogo limeshonwa pale ndani, la rangi ya waridi, akasema, "Yona, umevaa buti za kike!" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Asubuhi yake nikampa Mama Stela, anayeuza maziwa mtaani kwetu. Anavivaa mpaka leo. Kila siku saa moja kasoro anapita hapa mlangoni kwangu navyo, anatembea kama msichana, na kila siku anasimama kunishukuru. Leo amesema vinapanda mlima vyenyewe. Nimemjibu, "Najua, mama, ni vya dada yangu," halafu nikaingia ndani haraka, kwa sababu nilikuwa nataka kumwomba anirudishie na sikuthubutu.